Akililia Wembe, Mpe Ukanda Kwanza

Leo tunaongea habari za wembe. Sisemi kile kiwembe chembamba unachonunua dukani kwa shilingi chache na kukitupa baada ya siku mbili tatu. Nasema wembe wenyewe, wa kukunja, wenye mpini unaoficha makali, ule ambao ukitunzwa humzika mwenyewe ukabaki kwa mwanawe.

Naona umeanza kurudi. Vijana wanauagiza mtandaoni, wengine wanaukuta katika vitu vya kale vya nyumbani, na maswali yananifikia kutoka Kitale, Kiminini, Kimilili mpaka Kanduyi. Mengi ni wimbo mmoja: dada, nilinunua wembe, siku za mwanzo ulinyoa vizuri ajabu, sasa unanivuta ndevu na kunichubua shingo, je, nimeuziwa feki? Huenda. Lakini mara nyingi wembe hauna kosa, wala ndevu zako hazina kosa. Makali yamefia kwenye ukanda, yaani ule mkanda wa ngozi unaoupitishia wembe kabla ya kunyoa. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi dada yenu nasema mpe ukanda kwanza. Akae nao, mkono wake uzoee, ndipo wembe umfuate.

Nimekulia kwenye kinyozi cha baba pale Kitale kabla ya kuolewa huku Bungoma, na tangu utotoni nilimwona baba akikaa kwenye ukanda muda mrefu kuliko kwenye shavu la mteja. Wateja walingoja. Hakuna aliyethubutu kumharakisha mtu aliyeshika wembe.

Kwanza uelewe kinachotokea. Makali ya wembe ulionolewa sawasawa ni membamba kupita karibu kila kitu nyumbani mwako. Pale mwisho kabisa unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chuma chembamba kiasi hicho hupinda. Ndevu ngumu zinayalaza makali huku na huku, jinsi upepo unavyolaza mahindi machanga ya Trans Nzoia. Hayajaisha, yamelala tu. Kazi ya ukanda ni kuyasimamisha tena, pamoja na kufuta uchafu na ile kutu changa ambayo jicho haliioni. Ukanda haunoi. Kinachonoa ni jiwe, kwa kumega chuma. Ukichanganya kazi hizi mbili utaupeleka wembe kwenye jiwe kila wiki mpaka uumalize, au utauchapa kwenye ngozi mwezi mzima ukingoja makali ambayo ngozi haina uwezo wa kuyaleta.

Wembe gani ununue? Hapa sina maneno mengi. Miji yenye jina katika kazi hii ni Solingen kule Ujerumani, Sheffield Uingereza na Thiers Ufaransa, na wanaume wa nchi nyingi walitegemea chuma cha namna hii mpaka Mmarekani King Gillette alipoanza kuuza nyembe zake za kubadilisha kiwembe mwaka 1903. Wembe mpya wa Solingen utakutoa zaidi ya shilingi elfu kumi. Ukiona mpya mtandaoni unauzwa shilingi mia tano, huo ni pambo. Chuma chake hakishiki makali hata ukikesha unaunoa. Afadhali wa zamani wenye chuma kizuri. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji kama umeshanolewa kwa kunyolea, kwa sababu nyembe nyingi mpya hutoka kiwandani na makali ya kukata karatasi, yasiyofaa kugusa shingo ya mtu.

Ukanda wenyewe usiukimbilie dukani. Utengeneze. Nenda kwa fundi wa viatu, awe wa mjini Kitale au wa soko la Chwele, umwombe kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyo laini upande mmoja, bila nakshi, bila mshono, unene wa milimita mbili au tatu, upana wa sentimita 6 au 7, urefu kuanzia sentimita 40. Mkanda mpana wa suruali wa mitumba nao hufaa, ila ukague vizuri, maana mingi ni unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. Tazama pale ulipokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpango. Ya bandia ina matabaka yaliyonyooka. Ikunje pia. Halisi hutoa mikunjo midogo midogo kisha ikarudi, ya bandia hupasuka rangi ikabaki na alama.

Ukishaipata, mwendee seremala akurandie ubao ulionyooka, saipresi kavu inatosha, uibandike ngozi juu yake kwa gundi iliyosambaa sawa bila uvimbe hata mmoja. Najua vinyozi wa zamani waliutundika ukanda kwenye msumari wakauvuta kwa mkono wa kushoto, na kweli unapendeza machoni. Lakini mwanafunzi huulegeza bila kujua. Ukanda ukibonyea katikati, ngozi inapanda na kuyakumbatia makali, na kila unapopita unayaviringa badala ya kuyanyoosha. Ubao haulegei. Anza nao, mkono ukishakomaa ndipo utundike. Upande wa pili wa ubao bandika kitambaa kigumu cha pamba, hata jinzi kuukuu iliyofuliwa ikakauka vizuri. Kitambaa ndicho kinachotangulia, ngozi inafuata.

Usiipake ngozi hiyo rangi ya viatu, wala losheni, wala mafuta ya kupikia. Kila siku kabla ya kuanza isugue kwa kiganja kikavu na kisafi. Joto na mafuta ya mkono wako vinaitosha. Na uifunike. Kiangazi cha Januari na Februari, vumbi la barabarani huingia mpaka kabatini, na chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye ngozi itayamega makali yako yote katika mpito mmoja.

Sasa mkono. Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wembe unaponea au unapofia.

Usianze na wembe. Chukua kisu butu cha kupakia siagi, ufanye nacho mazoezi haya yote jioni kadhaa, mpaka vidole viyajue bila wewe kufikiri. Weka ubao mezani, ncha moja ikielekea tumboni kwako. Shika mkia wa wembe, ile sehemu nyembamba kati ya makali na mpini, kwa kidole gumba na cha shahada, mpini ukiwa umenyooka nyuma. Laza wembe kwenye ngozi ubapa wote uguse, mgongo na makali kwa pamoja. Aliyeutengeneza ameshakupimia pembe. Unene wa mgongo ndio unaoiamua, na kwa nyembe nyingi huwa nyuzi 16 au 17 hivi. Ukiuinua mgongo hata unywele mmoja, pembe imevurugika na makali yameanza kuchimba ngozi.

Mgongo ndio unaotangulia, daima dawamu. Makali hufuata nyuma yakiburutwa. Sukuma mpaka karibu na mwisho wa ubao, kisha usimame. Simama kweli, usijifanye umesimama. Sasa uviringishe wembe juu ya mgongo wake, mgongo usiachane na ngozi, makali yakipanda hewani na kushuka upande wa pili mpaka ubapa wa pili ulale. Ndipo urudi, mgongo ukitangulia tena. Karibu kila msiba wa anayeanza hutokea pale mwishoni: anaanza kurudi kabla hajamaliza kugeuza, au anageuza kwa kuzungukia makali, na kwa mara moja amechanja ngozi na kuyapindua makali. Kugeuza ni kazi ya vidole viwili kuviringisha mkia. Kifundo cha mkono kikae kimya, na kiwiko ndicho kisogee mbele na nyuma.

Nguvu kiasi gani? Uzito wa wembe wenyewe, basi. Wanaume wengi hawaniamini nikisema hivi. Wamezoea panga, wamezoea jembe, mkono wao unajua kwamba kitu kikigoma unakazia. Wembe hauko hivyo. Ukikazia, ngozi inabonyea chini ya makali na kuinuka nyuma yake, na pale inapoinuka ndipo inapoyazungusha makali yakawa mviringo. Utaendelea kukazia kwa sababu hayakati, nayo yataendelea kutokata kwa sababu unakazia.

Sikiliza pia, maana ukanda una sauti. Mkono ukiwa sawa, utasikia mnong'ono mmoja usiobadilika, wa kwenda na wa kurudi. Ukisikia mkwaruzo upande mmoja tu, upande huo ndio unaoinua mgongo. Sauti ikikatika katikati ya njia, ubapa umeacha kugusa. Zima redio, mwambie mtoto atulie kidogo, usikilize. Kama wembe ni mrefu kuliko upana wa ngozi, upitishe mshazari: anza na kisigino cha makali kilicho karibu na mkia, umalizie na ncha, ili kila sehemu ipate haki yake.

Pitisha mara 20 kwenda na kurudi kwenye kitambaa, kisha mara 40 au 50 kwenye ngozi, kabla ya kila kunyoa. Polepole. Wale unaowatazama kwenye video wakipiga ukanda kwa kasi mpaka vidole havionekani wana miaka mingi mkononi, na baadhi yao hata hivyo wanajionyesha tu. Ukiichanja ngozi usikate tamaa. Sugua kidonda chake kwa msasa laini kabisa mpaka kisawazike, futa vumbi lote, endelea. Ndiyo maana nikasema uanze na ngozi ya bei nafuu.

Utajuaje kama umefaulu? Usiyajaribu makali kwa ukucha, ukucha unayaharibu. Shika wembe chini ya balbu au dirishani, makali yakikutazama, uuzungushe kidogo kidogo. Makali mazima hayaonekani. Unachokiona ni mstari mweusi tu. Ukiona nukta inayometa au uzi mweupe unaong'aa, jua kwamba hapo makali yamelala au yamemegeka, kwa sababu ni lazima kuwe na ubapa fulani, hata mdogo vipi, ndipo mwanga uupige na kurudi. Rudi kwenye ukanda, halafu tazama tena. Mng'ao ukitoka, makali yalikuwa yamelala tu. Usipotoka, hilo ni suala la jiwe. Hatimaye pitisha wembe juu ya malaika ya mkono wa kushoto bila kugusa ngozi, nusu sentimita hivi. Yakikatika bila kuvutwa, nenda kachemshe maji ya kunyolea.

Kunyoa kwenyewe kutakuwa na siku yake. Leo nasema machache tu. Maji ya moto usoni dakika mbili tatu, povu zito la brashi, wembe uinuliwe nyuzi 30 hivi kutoka shavuni, mkono wa pili unyooshe ngozi bila kuivuta sana. Wiki za mwanzo nyoa mashavu peke yake; kidevu na juu ya mdomo umalizie kwa kiwembe ulichozoea. Na ufuate ndevu zinakolala, kamwe usizipande kinyume. Ndevu zetu zimejipinda tangu kwenye shina lake. Ukizikata kinyume huku umeivuta ngozi, zinakatika chini ya usawa wa ngozi, na zikiota upya ncha zake kali zinajikunja na kuingia ndani tena. Vile vipele vya shingoni unavyohangaika navyo chanzo chake ni hicho, na wembe butu huvizidisha kwa sababu unakulazimisha kupita mahali pamoja mara tano. Ikiwa tayari shingo imejaa vipele, au mwili wako una asili ya makovu yanayovimba, weka wembe kando. Tumia mashine, uache ndevu za milimita moja. Nakwambia kwa upendo: ukali wa wembe, hata uwe namna gani, hautakutibu. Ukijikata kidogo, lowesha kipande cha shabu ukikandamize hapo. Huziba damu ndogo ndogo vizuri.

Ukimaliza, wembe usiuache kwenye sinki hata kwa dakika moja ya kujibu simu. Chuma cha nyembe nzuri za asili ni cha kaboni, hakina kinga dhidi ya maji. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, inapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na kuanzia Aprili hata nguo zilizokunjwa kabatini zinanuka unyevu. Bungoma iko chini kidogo na ina joto zaidi, lakini jasho la ukuta wa bafu ni lile lile. Kwa hiyo suuza makali chini ya maji yanayotiririka, ukijitahidi maji yasiingie kwenye ile pini ya mpini, maana hapo hayatoki kirahisi. Futa kwa karatasi laini ukitoka mgongoni kwenda kwenye makali, usifute kamwe kwa kufuata urefu wa makali, hapo vidole vinakwenda. Pitisha mara chache kwenye kitambaa cha ubao. Uache wazi nusu saa nje ya bafu. Ndipo upake tone moja la mafuta ya cherehani, yale yale vinyozi wanayotia kwenye mashine, uusambaze kwa pamba. Mafuta ya kupikia hapana. Yakikaa yanageuka gundi. Kama hutautumia kwa wiki kadhaa, vaselini nyembamba inakaa vizuri zaidi. Na usiuhifadhi ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa, ngozi hushika unyevu. Kisanduku cha mbao au cha kadibodi kinafaa, ukitia ndani vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Juu kabisa, mbali na watoto.

Siku itakuja ambapo ukanda hautoshi. Kwa mtu anayenyoa mara tatu nne kwa wiki na mkono wake ni mwepesi, hiyo ni baada ya miezi kadhaa. Wembe unahitaji jiwe, na hapa nakuomba, usifanye haraka. Kile kinoo cha hadwea chenye pande mbili ni cha panga na visu vya jikoni. Kwa wembe ni cha kuparura. Mawe ya wembe yana daraja zake, unaanza karibu na 1,000 kama makali yameharibika sana, unapanda 4,000 au 5,000, unamaliza 8,000 au 12,000, na jiwe lenyewe lazima liwe bapa kabisa. Anayeanza amtafute mwenye mawe na uzoefu, amlipe, amtazame akifanya.

Yupo yule fundi wa kunoa visu anayepita na baiskeli yake mtaani, gurudumu la jiwe likizungushwa kwa miguu. Namheshimu, kisu changu cha mboga ni chake. Wembe usimpe. Wala usiupeleke kwa fundi wa jua kali mwenye mashine ya umeme ya kusaga chuma, hata akuahidi dakika moja. Chuma cha wembe kilipikwa kwa vipimo ili kiwe kigumu, na joto likivuka nyuzi 200 na kupanda, ugumu ule unaanza kuondoka. Makali ni membamba mno, yanafika joto hilo kabla cheche hazijatua chini. Utaona rangi imegeuka kahawia, kisha samawati. Rangi hiyo haifutiki kwa maana yoyote inayokufaa: hata ukiing'arisha, chuma cha chini yake kimeshalainika na hakitashika makali tena. Tupa nayo ni hivyo hivyo, iache kwenye panga.

Sasa nifike kwenye swali la kinyozi kijana wa hapa Bungoma. Anataka kuuweka wembe wa kukunja na ukanda dukani kwake, awanyoe wateja kwa mtindo wa zamani, ajitofautishe na wenzake. Mdogo wangu, wazo lako ni zuri kwa macho, na najua ushindani wa hapo mjini ulivyo. Jibu langu ni hapana. Enzi za baba yangu hatukuyajua tunayoyajua leo. Wembe unaweza kuutia kwenye spiriti, lakini ngozi ya ukanda huwezi kuichemsha wala kuilowesha dawa, na kila wembe unaopita juu yake unaacha kitu na kuchukua kitu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu usiloliona. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Kenya mwaka 2001; watu wazima wengi wanaoketi kwenye kiti chako walizaliwa kabla ya hapo. Tumia mpini wa kubadilisha kiwembe, ufungue kiwembe kipya mbele ya macho ya mteja, ukitupe mbele ya macho yake. Ustadi wa mkono wako ataunusa hapo hapo.

Watu wa Bungoma hili mnalifahamu kuliko wengine. Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, Wabukusu wanapotahiri, hakuna anayecheza na habari za lukembe, yaani kisu cha kutahiria, na maafisa wa afya wamekuwa wakisisitiza kila kijana awe na kisu chake. Lakini ule unyoaji wa nywele baada ya mazishi je? Nimekaa kwenye maboma ambako kiwembe kimoja kilitoka kichwa cha mama mkubwa kikaenda cha mjukuu bila mtu kusema neno, kwa sababu msibani watu wanaona haya kuuliza. Mimi nauliza. Pakiti nzima ya viwembe ni bei ya soda, na heshima ya marehemu haipungui kwa kila aliyefiwa kupewa chake. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja, na ukanda wake ni wa wembe mmoja. Hata mumeo usimwazime, wala ndugu yako wa tumbo moja.

Barua ya mwisho ni ya dada mmoja wa Kitale. Amefungua sanduku la bati la babu yake akakuta wembe wa kukunja, ubapa umeandikwa Sheffield, una madoa ya kutu, mpini mweusi umelegea. Anauliza kama unaweza kufufuliwa ampe kaka yake anayeoa Desemba.

Inawezekana, mpenzi wangu, ila inategemea kutu imefika wapi. Usiusugue kwa msasa wala steelwulu ya sufuria kwanza; ukianza hivyo utaondoa maandishi, na ukiteleza utaondoa kidole. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, uache usiku kucha, ufute tena. Kisha chukua kioo cha kukuza, au kamera ya simu ukiivuta karibu, uangalie mambo mawili. La kwanza ni ufa: uanzie kwenye makali utazame kama kuna mstari mwembamba unaopanda kuelekea mgongoni. Ukiuona, ngoma imekwisha. Wembe wenye ufa haunyoi mtu, unawekwa kabatini kama ukumbusho wa babu. La pili ni vishimo vya kutu. Vikiwa katikati ya ubapa au karibu na mgongo havina neno, ni uzee tu. Vikiwa kwenye makali kabisa, kila kimoja ni pengo litakalotokea jiwe litakapopita, na fundi atalazimika kumega chuma mpaka avivuke vyote. Vikiwa vichache vya juu juu hilo linawezekana. Vikiwa virefu, ubapa utabaki mwembamba usiofaa.

Mpini uliolegea hukazwa kwa kugongwa pini yake taratibu kwa nyundo ndogo juu ya chuma, kazi ya fundi wa saa au sonara, si ya kujaribu nyumbani. Mpe kaka yako pamoja na ubao wake wa ngozi, na kisu cha siagi, na umwambie Desemba ni ya harusi. Kwenye siku yenyewe anyolewe na kinyozi wake wa kawaida. Na kwa kuwa mwenye mawe anaweza kuwa katika mji mwingine, mtumie kwanza picha za makali, pande zote mbili, akuambie kama inafaa kugharamika. Akikubali ukautuma kwa matatu, paka mafuta, ukunje, uzungushie mpira usijifungue, uviringishe kwenye kitambaa kikavu, utie kwenye boksi gumu, na umwambie yule wa mizigo pale stendi kilichomo ndani kabla hajauliza.